Kituo cha Chini ya Daraja

Tangu asubuhi Mama Pacha alikuwa anafua nepi. Wanawe walikuwa wanaharisha tena. Mumewe, fundi cherehani, aliweka kazi kando akambeba mmoja begani.

"Baba Pacha, maji ya bomba yana kitu."

"Lakini ofisi ya maji inasema ni safi."

"Safi ya nani? Twende tukawaulize."

Ofisini walimkuta mpimaji wa maji, dada aliyevaa buti za mpira. Aliwasikiliza mpaka mwisho, kisha akatandaza ramani ya mto mezani.

"Tuna vituo vitatu. Kila kimoja kina kifaa cha kupima maji na kututumia ujumbe. Vyote vinasema mto ni safi."

Mama Pacha aliinamia ramani. "Mbona vyote viko juu ya daraja, upande mto unakotokea?"

"Gari linafika kwa urahisi pale."

"Na kijito cha machinjioni kinaingilia wapi?"

Kidole cha mpimaji kilishuka polepole. "Chini ya daraja. Kabla ya pampu inayovuta maji ya bomba."

"Dada yangu," fundi akasema, "huko ni kuonja mchuzi mara tatu, halafu ndiyo unatia chumvi!"

Mpimaji alicheka, kisha akakunja uso.

"Kweli kabisa. Kituo kipya hatuna, ila hivi tutavipanga upya. Kimoja kibaki juu, kituonyeshe mto ulivyo kabla ya kuchafuka. Kimoja kiende kwenye kijito. Kingine kikae chini ya makutano, kituonye kabla maji hayajafika kwenye pampu. Kwa sasa chemsheni maji ya kunywa, yatokote hasa. Na watoto wapelekeni zahanati leo hii."

Vituo vikahamishwa. Mvua kubwa iliponyesha, kifaa cha chini kilituma ujumbe: maji yamechafuka. Mhudumu akazima pampu mara moja. Mtaa mzima ukatumia maji ya tangi mpaka mto uliposafika. Kipimo cha kijito nacho kilionyesha uchafu unakotoka. Wenye machinjio walionyeshwa kipimo hicho. Walijenga mashimo ya kusafishia majitaka yao.

Pacha walipona. Siku moja walikimbizana uani, wakapindua beseni ambalo mama yao alikuwa amelijaza maji punde tu. Mama Pacha aliinua mkono awakaripie, akashindwa.

"Mwageni tu," alisema huku akicheka. "Afadhali nguvu mnazo."