Jibu la Swali Lililokuwa Mfukoni

"Faili la ishirini na tatu," sauti ya Kocha ilinong'ona kwenye kidude cha sikioni. "Lichome. Kisha toka humo."

Kalamu alilifunga faili.

Alikuwa amesimama katikati ya chumba cha kumbukumbu za wagonjwa, koti jeupe mwilini, bastola ya Glock kiunoni, faili lenyewe mkononi. Casio yake ilionyesha saa nne kasoro dakika kumi asubuhi. Jua lilimwagika dirishani, lakini yeye alihisi baridi mpaka kwenye mifupa.

Miezi mitatu alijifanya mwandishi wa namba za magonjwa. Kazi isiyo na mbwembwe. Daktari anaandika ugonjwa kwa maneno, mwandishi anaugeuza kuwa namba, namba inakwenda wizarani. Ni kwa namba hizo wizara inajua watu wanaugua nini na wanakufa kwa nini. Namba ikidanganya, wizara nzima inalala usingizi wa pono.

Na zilidanganya. Wagonjwa ishirini na watatu waliwekewa valvu bandia, ule mlango mdogo wa moyo. Wote walirudi kabla ya mwaka kwisha, wanahema, valvu zinavuja. Zilikuwa za magendo, zimefungwa kwenye maboksi yenye nembo za kughushi. Lakini hakuna hata mmoja aliyepewa namba ya valvu bandia iliyoharibika. Wote waliandikiwa moyo ulioharibiwa na homa ya baridi yabisi, ugonjwa wa tangu utotoni.

Mbinu yenyewe ilikuwa ya kijanja. Mwandishi haruhusiwi kukisia. Maelezo yakimtatiza, anamwandikia daktari kikaratasi cha swali, anakitia kwenye sanduku la mlangoni, anasubiri. Kila mara jibu lilirudi lile lile: valvu mbili zinavuja, chanzo hakijulikani. Na kitabu cha namba kiko wazi. Valvu mbili zikiugua pamoja na chanzo kisitajwe, hesabu baridi yabisi.

Kalamu alifungua faili tena. Jibu la daktari lilikuwa limebandikwa humo. Saini, muhuri, kila kitu.

Tatizo lilikuwa moja.

Swali bado lilikuwa mfukoni mwake.

Hakuwahi kulitia sandukuni. Jana jioni alimsomea mtu mmoja tu kwa simu, neno kwa neno. Kocha.

"Mwanangu, unanisikia?"

Kocha, bosi wake katika upelelezi. Aliyemfundisha kushika bastola na kuzuia ulimi. Aliyesimama kama baba siku ya harusi yake. Aliyemtafutia dada yake nafasi ya upasuaji wa moyo, katika hospitali hii hii.

Leo. Saa nne kamili.

Dada aliyemlea tangu wazazi wao walipofariki.

"Nakusikia, mzee."

"Limeungua?"

"Linawaka."

Akang'oa kidude sikioni, akachomeka faili ndani ya koti pamoja na bahasha aliyokusanyia majibu mengine yote. Mlango ukafunguliwa. Wanaume wawili, nguo za wauguzi, buti za jeshi.

Wa kwanza alichomoa bastola. Kalamu alisukuma toroli la mafaili kwa nguvu zote, likamkumba magotini, akaanguka kifudifudi. Wa pili alipokea kiwiko cha koo. Kimya.

Ngazi. Ghorofa ya kwanza. Ya pili. Ya tatu.

Saa nne kasoro dakika tano.

Nje ya chumba cha upasuaji, kwenye benchi, Kocha alikuwa amekaa na gazeti lake. Alipomwona, alilikunja polepole.

"Ulisema linawaka," alisema.

"Ulinifundisha kusema uongo, mzee. Kwa nini dada?"

Kocha alishusha pumzi. "Wenzangu walitaka kukuua. Mimi nikawaambia ipo njia ya upole. Valvu yetu ikishaingia kifuani mwake, ungethubutu kusema? Ungetuhitaji tumwangalie maisha yake yote."

"Huo ndio upole wako?"

"Uko hai, mwanangu."

Iliuma. Kalamu aliwahi kula risasi ya bega na haikuuma hivi. Alitamani mzee akane, atukane, afanye lolote la adui. Lakini mzee alikuwa anamtazama kwa macho yale yale ya siku ya harusi.

Kisha mkono wa Kocha ukaenda kwapani.

Kalamu aliufahamu mwendo ule, ndio aliofundishwa na mzee mwenyewe. Alimdaka kifundo, akakipinda, Beretta ikadondoka sakafuni. Pingu zikalia. Mkono mmoja wa Kocha, mguu mmoja wa benchi.

Akasukuma mlango.

"Wewe! Huku haingiwi na viatu!" alifoka daktari wa moyo, mama mfupi mwenye miwani.

"Saini hii ni yako, daktari?"

Alisoma. Akasoma tena. "Upuuzi gani huu? Mimi niliandika valvu imeharibika! Kurasa zangu ziko wapi?" Macho yake yakatua kwenye boksi lililokuwa mezani, bado halijafunguliwa. "Mungu wangu. Boksi hilo lisiguswe! Mgonjwa arudi wodini!"

"Nina majibu ishirini na matatu ya kughushi," Kalamu alisema. "Nataka ya kweli, kwa maandishi. Siruhusiwi kukisia."

Daktari alivua glavu, akaandika yote huku akilaani kwa sauti. Saa tano, namba sahihi zilikuwa wizarani. Saa sita, polisi walikuwa wamezingira ghala la maboksi, na Kocha alikuwa ameshachukuliwa.

Dada yake alikuwa kitandani, mdogo kuliko alivyomkumbuka.

"Wanasema si leo, mdogo wangu."

"Wiki ijayo, dada. Daktari mwenyewe ameagiza valvu nyingine."

"Masikini Kocha, atasikitika. Kahangaika sana kunipatia nafasi. Jana alikuja hapa akanishika mkono, akalia machozi kabisa. Sijapata kuona mtu anayetupenda namna ile." Alimkazia macho. "Umemshukuru lakini?"

Kalamu alimvutia shuka mpaka kifuani.

"Nimemshukuru, dada."

Akavaa miwani yake ya jua, akashuka ngazi bila haraka, akatoka.