Rafu Isiyo na Sisimizi

Saa mbili asubuhi, Daktari wa maabara alifungua kabati akakuta chupa ina maji ya sukari matupu. Ubongo haumo.

Afande alifika upesi, akimwomba Mungu kimoyomoyo amwongoze. Ubongo ule ni wa mzee aliyeusia utolewe akishafariki kwa ajili ya bintiye, aliyerithi kifafa chake. Kila kifafa kikikaribia, binti hushikwa na hofu isiyosemeka. Daktari alitaka kuchora ramani ya nyuzi zinazotoka kwenye insula, sehemu iliyojificha chini ya mikunjo ya ubongo, hadi kwenye vituo vya hofu vilivyo ndani zaidi. Bila ramani hiyo, upasuaji wa binti ungekuwa wa kubahatisha.

Wa kwanza kuhojiwa alikuwa kaka wa binti.

"Jana ulitishia kuuchukua."

"Nilisema baba si dawa ya kikohozi, awekwe chupani! Lakini afande, dada yangu ni huyo mmoja. Nimwibie uzima?"

Fundi wa maabara akadakia kabla hajaulizwa. "Jana jioni niliuzamisha kwenye maji ya sukari, barafu isije ikaupasua tukiugandisha. Mwizi kauchomoa humo."

Dirishani, sisimizi walikuwa wamezingira alama ya kikombe cha chai.

"Wapangaji wetu hao," Daktari alisema. "Tone moja la sukari, wameshafika."

Afande alirudi kabatini, akapitisha kidole kwenye rafu, kisha akakagua sakafu. Pakavu. Hakuna sisimizi hata mmoja.

"Fundi, mwizi mwenye haraka asidondoshe hata tone?"

Fundi alianza kupangusa rafu iliyokuwa kavu tayari.

"Haukuingia humo, mwanangu. Uko wapi?"

Alinyoosha kidole. "Chini ya sinki, kwenye ndoo ya dawa ya kuhifadhia. Nilisahau sukari, nikautia kwenye friza moja kwa moja. Nilipokumbuka, umeshaanza kupasuka. Ningemwambia nini yule dada? Nikajaza maji ya sukari kwenye chupa tupu, nikaona heri asingiziwe mwizi."

Daktari aliutoa ubongo, akafunua mikunjo ya pembeni taratibu. Nyufa zilikuwa za juu juu tu. Chini yake insula ilikuwa nzima.

"Barafu haikufika huku!"

"Mzee alijua kuficha vya maana," kaka alisema, akifuta macho.

"Jalada la wizi nalifunga," Afande alisema. "Uongo wako utaueleza kwa dada mwenyewe. Sasa fanya kazi."

Fundi aliuteremsha ubongo kwenye maji ya sukari. Tone likadondoka kwenye rafu. Afande alikuwa bado anamshukuru Mungu wakati sisimizi wa kwanza alipotokea.