Karatasi ya Umeme Iliyoanikwa Juani

Kila asubuhi, kabla ya kengele, Evodia aliingia kwenye ghala la shule yao pale Pito akiwa na daftari. Humo mlikuwa na magunia ya mahindi ya uji, na ukutani palikuwa na kifaa kidogo cha kupima unyevu. Kifaa hicho hakikuwa na betri. Kilipata umeme kutoka kwenye karatasi ya plastiki iliyochapwa kwa wino maalumu unaogeuza mwanga kuwa umeme, ambayo fundi Modesti aliibandika karibu na dirisha. Mwanga hafifu wa mle ndani uliitosha.

Evodia alisoma namba na kuiandika. Darasa la sita lilimchagua yeye kwa sababu hakuwahi kuchelewa, naye aliionea fahari kazi hiyo.

Wiki moja mawingu yalitanda siku tatu, namba zikafifia. Alhamisi jua lilipotoka, Evodia aliwaza kama watu wa kwao wote wanavyowaza. Ulezi huanikwa, mahindi huanikwa, hata godoro huanikwa. Akaibandua karatasi, akailaza nje juu ya turubai mpaka jioni ili ishibe jua. Alipoirudisha, ilikuwa imepauka na kujikunja. Kioo cha kipimo kikabaki kitupu. Usiku mvua ikanyesha.

Asubuhi rafiki yake Ndalahwa alimkuta ghalani ameshika kalamu.

"Mambo, mshikaji. Mbona umesimama kama nguzo?"

"Kipimo kimezimika. Nimekiua mimi."

"Jana asubuhi kilisoma ngapi?"

"Sitini na mbili."

"Basi andika sitini na mbili. Mahindi hayana miguu, yako palepale."

Evodia alicheka kidogo, kisha akayatazama magunia. Watoto wa darasa la kwanza wangekunywa uji wa mahindi hayo. Je, kama yanaota ukungu? Akaandika polepole: "Leo sijui unyevu. Nilianika karatasi juani, ikaharibika." Akalipeleka daftari kwa Mwalimu Hilaria.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Kaa kwanza."

Mwalimu alisoma. Hakupaza sauti. "Kipimo hatuna, lakini mikono tunayo," alisema. "Twende."

Walipapasa gunia moja baada ya jingine. Ndalahwa naye alikuja kubeba, wala hakuitwa. Magunia mawili ya pembeni yalikuwa yamelowa chini, kwa kuwa bati lilivuja usiku. Wakayatoa na kuyaanika mahindi kabla hayajaharibika.

Jumatatu fundi Modesti alileta karatasi nyingine. Alilisoma daftari mara mbili.

"Karatasi hizi ni za mwanga wa ndani, jua kali huziharibu," alisema. "Kosa ni langu pia, sikuwaeleza. Binti, naomba niyaandike maneno yako kwenye maelekezo, shule nyingine zijue."

"Pamoja na jina langu?"

"Pamoja na jina lako."

"Na mimi niliyevunjika mgongo kwa magunia?" aliuliza Ndalahwa. Wote wakacheka, na fundi akaliandika jina lake pia.

Mstarini, Mwalimu Hilaria alimsimamisha Evodia mbele ya shule nzima.

"Huyu aliharibu karatasi, kisha akauokoa uji wenu," alisema. "Angebuni namba, tungeamini mahindi ni makavu, na nyinyi mngeumwa. Ukikosea, sema mapema. Ukiwa hujui, andika kwamba hujui. Wenzako wakishajua ukweli, watakusaidia kurekebisha."

Darasa la sita walipiga makofi mpaka darasa la kwanza nao wakafuata.