Kengele Mbili za Clifford Armitage

Harufu ya pipi za mnanaa ilimpokea Beryl Armitage kabla hajaweka mguu ndani ya basi. Akamuuliza mwenye mali kama kuna mtu humo. Bwana Thackray, mkulima mnene mwenye viatu vya matope, akacheka, akasema wakati wa baridi abiria wa basi lile ni kuku wake tu, na kuku hawali pipi. Beryl akacheka naye. Mumewe Clifford hakucheka. Alikuwa amebaki mlangoni mwa ghala, kofia mkononi, akiisoma namba ya basi kama mtu aliyekuta jina lake limeandikwa mahali pa aibu.

Ilikuwa Jumamosi ya Novemba, na mvua ya Yorkshire ilikuwa kwenye kazi yake, hainyeshi sana wala haikomi. Mtu na mkewe walikuwa wakitafuta basi kuukuu la ghorofa, la kwanza maishani mwao, waligeuze nyumba ya kusafiria. Huku ninakoishi maradhi hayo ni ya kawaida: mtu anastaafu, anaichoka nyumba isiyotembea, anataka kuamkia ufukweni Uskoti akiwa na birika lake mwenyewe. Ndoto ilikuwa ya Beryl. Alikuwa na daftari lenye michoro, jiko chini ya ngazi, kitanda ghorofani, na viti viwili tu vya zamani viachwe mbele kabisa juu, vya kunywea chai ya asubuhi. Clifford ndiye aliyekuwa fundi wa safari hiyo, maana aliendesha mabasi miaka thelathini na minane, akaagwa kwa saa ya ukutani na makofi.

Mabasi mawili waliyoyaona kabla ya hapo aliyakagua kwa raha kabisa. Alipiga chesisi, ule mfupa wa chuma ulio chini ya gari, kwa nyundo ndogo akisikiliza kutu, akabonyeza mbao za madirisha kuona kama zimelowa, akanusa mafuta ya gia. Kwa hili la tatu hakutoa hata nyundo mfukoni. Alisema limeoza, akiwa hatua ishirini mbali nalo.

"Hujalikagua, mpenzi," Beryl akamwambia.

"Naliona."

"Basi mzee wako ana macho ya kutoboa chuma, mama," Thackray akasema. "Mwambie aje anitafutie na mabomba ya maji shambani."

Beryl aliona haya kwa niaba ya mumewe. Akachukua tochi, akatambaa mwenyewe chini ya basi, na umri wake ule na goti lake bovu, akarudi na matope mashavuni akisema chesisi kavu, haina tone la kutu. Hapo Clifford akatafuta kasoro nyingine, mara matairi, mara ngazi nyembamba, mara rangi, na kila aliyoitaja Thackray aliijibu kwa upole unaochoma. Alieleza kwamba kila kiangazi hulitoa kwa maonyesho na hati zake zote ni halali. Mwishowe akamtaka Clifford alijaribu kwenye njia ya shamba. Clifford hakuwa tena na sababu ya kusingizia.

Hapa lazima nieleze jinsi mabasi hayo ya ghorofa yalivyofanya kazi, maana mambo yote yamesimama hapo. Dereva alikaa mbele peke yake, katika kijumba chenye mlango wake. Abiria walipandia nyuma kabisa, kwenye kibaraza kisicho na mlango, wakishika nguzo. Dereva hakuweza kuona vizuri nani anapanda na nani anashuka. Kondakta ndiye aliyekuwa macho yake, na alizungumza naye kwa kamba ya kengele. Kengele moja, simama, kuna anayeshuka. Kengele mbili, nenda, kibaraza kiko salama. Pasipo kengele mbili dereva haondoki, hata kama nyumba yake inaungua.

Mwaka 1968 Clifford aliondoka. Alikuwa na miaka ishirini na minne, amechelewa dakika sita, na gereji ilikuwa ikihesabu dakika. Kioo cha pembeni kilikuwa kimejaa matone. Kondakta wake, Enid Sykes, alikuwa ghorofani anakata tikiti. Kengele haikulia. Yeye aliona kimya kimezidi, akakanyaga mafuta. Kwenye kibaraza alikuwepo mjane mmoja, Bi Hirst, mguu mmoja juu, mmoja chini, fimbo mkononi na mfuko wa pipi za mnanaa kwenye koti lake la sufu lililolowa. Alianguka barabarani, hakuamka tena.

Kwenye baraza la uchunguzi Clifford alisema alisikia kengele mbili. Enid alisema hakupiga. Wazee wa baraza walimtazama dereva kijana mwenye tai iliyonyooka, wakamtazama msichana anayelia, wakaamua kwamba alipiga bila kuangalia, maana mawazo ya wasichana hutangatanga. Enid akafukuzwa kazi. Clifford akaendelea kuendesha. Na basi lile, namba ile ile, ndilo lililokuwa ghalani kwa Thackray likinuka mnanaa.

Aliingia kwenye kijumba cha dereva. Beryl, kwa furaha yake, alipanda nyuma akasema atakuwa kondakta, akaonyeshwa na Thackray kamba na namna ya kuivuta. Walizunguka ua mara moja bila tatizo. Wakasimama kando ya zizi, na Beryl akashuka kuokota daftari lililomponyoka. Clifford alikuwa amewasha injini, akiangalia mbele, akimwomba Mungu tu jambo hili liishe warudi nyumbani wanywe chai, ndipo nyuma ya kichwa chake kengele ikalia, mara moja, kisha mara ya pili, wazi, bila haraka, kama inavyolia ikivutwa na mtu anayejua kazi. Akaondoa basi.

Ukelele wa Beryl aliusikia kwa mifupa. Akafunga breki, akaruka, akazunguka nyuma mbio, na alimkuta mkewe amepiga magoti kwenye matope, mkono mmoja bado umeing'ang'ania nguzo, soksi zimechanika, goti linatoka damu.

"Kwa nini umeondoka?" Beryl akauliza, sauti ndogo. "Nilikuwa mguu mmoja juu."

"Nilisikia kengele mbili."

"Clifford, sikupiga kengele."

Maneno yalikuwa yale yale, yake na ya Enid, kwa mpangilio ule ule, na tofauti ilikuwa moja tu, kwamba safari hii yeye alikuwa anasema kweli. Kutoka ndani ya basi ambamo hamkuwa na mtu, maana Thackray naye alikuwa anawajia kutoka mlangoni mwa ghala na mvua ikimpiga usoni, ikaja sauti ya fimbo ikigonga sakafu ya mbao, tak, halafu tak, ikitoka mbele kuja nyuma, taratibu kama anavyotembea bibi mwenye nyonga mbovu asiyetaka kusaidiwa, na pamoja nayo harufu ya sufu iliyolowa na mnanaa, nzito kiasi cha kumfanya mtu ameze mate, mpaka ile fimbo ikafika ukingoni mwa kibaraza, juu kidogo ya kichwa cha Beryl, ikatulia hapo, ikawa kama inasubiri Clifford aseme tena alichokisema zamani.

"Umeisikia?" Beryl akanong'ona.

"Naisikia."

"Ni nani?"

Akamwambia. Alimwambia akiwa amechuchumaa kwenye matope, bila kumtazama, na hakujiachia hata kisingizio kimoja. Thackray alisikia nusu, akageuka akaenda kuangalia kuku wake. Beryl hakupaza sauti, na hilo lilimuumiza Clifford kuliko makelele.

"Enid Sykes alikuwa anasugua sakafu za shule ya watoto wetu," Beryl akasema. "Kila Krismasi nilimpelekea soksi na keki. Wewe ulibaki garini. Nilidhani unamdharau kwa ajali ile, na kwa sababu ni mfagiaji. Nilikuwa nakuonea aibu."

Clifford alitamani ardhi ipasuke immeze. Miaka arobaini alikuwa anavuka barabara akimwona Enid sokoni. Siku moja alijificha nyuma ya meza ya jibini mpaka muuzaji akamuuliza kama anaumwa.

Kuondoka bila basi hakukuwasaidia, maana harufu iliingia nao kwenye gari dogo na ikalala nao nyumbani. Wiki nzima kila Clifford alipotaka kunyanyuka kitini, kengele mbili zilimlia sikioni, zikimhimiza aende. Beryl hakuzisikia, lakini alimwona akiruka. Alimpikia, akamfulia, wala hakumwita mpenzi hata mara moja. Ijumaa alimpigia simu Thackray, akamwomba awaachie basi kwa siku moja.

Jumamosi saa saba mchana basi lilisimama mbele ya nyumba ndogo ya matofali kwenye mtaa wa wastaafu. Enid alifungua mlango akiwa na aproni. Alikuwa na miaka sitini na moja, mkavu, macho makali. Aliliangalia basi kwanza, kisha mtu.

"Enid," Clifford akasema, kofia ikizunguka mikononi. "Kengele haikulia. Nilidanganya."

"Najua haikulia, Cliff. Nilikuwa juu namrudishia mtu chenji. Umekuja kunipa habari nilizonazo."

Beryl akasogea, akamweleza mengine, kengele, fimbo, harufu. Enid hakushangaa wala hakutabasamu. Alivua aproni, akavaa koti, akafunga mlango wake, akapanda kibarazani na mkono wake ukaishika nguzo bila kuitafuta. Akanusa.

"Habari za mchana, Bi Hirst," akasema kwa heshima, kama anavyosalimiwa abiria wa kila siku. Kisha bila kugeuka: "Mwambie na yeye, Cliff. Si mimi niliyekufa."

Clifford akavua kofia pale barabarani, majirani wakichungulia kwenye mapazia, akakiambia kibaraza kitupu kwamba hakusikia kitu, kwamba aliogopa kuchelewa, kwamba aliondoka tu. Machozi yalimshuka mpaka kidevuni, hakuyafuta. Harufu haikupungua.

"Alikuwa anakwenda nyumbani," Enid akasema. "Kituo cha kanisani, juu kule. Nilimkatia tikiti kila Ijumaa miaka miwili. Panda mbele umpeleke."

Alipiga kengele mbili kwa mkono wake mwenyewe, na Clifford akaondoa basi taratibu kama amebeba mayai. Wanawake wawili walikaa kwenye viti vya ghorofa ya chini, ana kwa ana, mikono mapajani. Walipita soko, walipita gereji ya zamani ambayo sasa ni duka la mazulia, wakaanza kupanda kilima, na kadiri walivyopanda ndivyo ile sufu iliyolowa ilivyozidi kunuka, madirisha yakafanya ukungu kwa ndani kama basi limejaa watu wanaohema, ingawa walikuwa wawili tu, na kiti kilicho karibu na kibaraza, kiti ambacho hakuna aliyekikalia, kilibonyea polepole katikati kikabaki hivyo, na Beryl akamshika Enid mkono bila kujua amemshika, na Enid akamwacha amshike.

Karibu na ukuta wa kanisa kamba ya kengele ilijivuta yenyewe. Mara moja.

Clifford alisimamisha basi pale pale. Alizima injini, akasubiri, hakuthubutu hata kupangusa kioo. Tak, kwenye sakafu ya mbao. Tak, kwenye kibaraza. Kisha tak nyingine, nyepesi zaidi, kwenye jiwe la barabara, na zikaenda zikipungua kuelekea lango la kanisa. Kiti kilikuwa kimeinuka, kimerudi kama kilivyokuwa. Hewa ikawa ya basi kuukuu tu, vumbi na mafuta.

Beryl alianza kulia kwa faraja. Clifford alizunguka nyuma, na uso wake ulikuwa na kitu kinachokaribia furaha.

"Amekwenda," akasema. "Tumempeleka. Yamekwisha."

Enid alikuwa amesimama kibarazani, ameshika nguzo, amempita kwa urefu wa ngazi moja.

"Yeye ameshuka, Cliff," akasema. "Mimi bado nimo."

Furaha ikamtoka Clifford usoni kama maji.

"Mji huu unajua kwamba Enid Sykes alimuua mjane kwa uzembe," akaendelea, bila kupandisha sauti. "Mama yangu alikufa akijua hivyo. Uliniambia mlangoni kwangu, umemwambia mzimu, umemwambia mke wako. Gazeti la mji linapokea barua mpaka Jumatatu. Jina lako, na langu, na namba ya basi."

Clifford aliwaza wajukuu zake. Akawaza madereva wenzake wa klabu, wale waliompigia makofi, na saa ya ukutani. Akamtazama Beryl amwombee, na Beryl akamtazama yeye, akingoja kuona ameolewa na nani.

Alirudi kwenye kijumba cha dereva, akawasha injini kwa mazoea, akakaa mikono kwenye usukani. Nyuma, Enid alikuwa na mkono juu ya kamba. Hakuivuta. Ikapita dakika, ikapita ya pili. Mvua ikaanza tena kwenye kioo, na kwa mara ya kwanza tangu 1968 Clifford Armitage alisubiri kengele ambayo haiji.

Akazima injini, akafungua kidirisha kilichokuwa mgongoni mwake, akamwomba mkewe daftari na kalamu.