Siku Wadi Iliposhuka

Mvua ikinyesha Maskati, watu hawakimbilii ndani. Hutoka nje. Watoto husimama barabarani wakakinga mikono. Wenye magari huteremsha vioo ili harufu ya udongo iingie. Mvua huko huja mara chache, na ikija, kila mtu anataka kuiona.

Ndivyo ilivyokuwa asubuhi ile ya Jumamosi nyumbani kwa Harub na mkewe Kheiria, mtaa wa Madinat Sultan Qaboos. Kheiria alikuwa jikoni akikaanga mahamri. Harub alisimama kwenye roshani, mkono nje, akipokea matone.

"Kheiria! Njoo uone! Inanyesha!"

"Nnaiona," Kheiria alijibu bila kutoka jikoni. "Hii nayo mvua? Kwetu haya manyunyu."

Kheiria alizaliwa Unguja, akakulia huko. Alikuja Maskati mwaka uliopita, alipoolewa. Sasa alikuwa akifanya kazi kwenye duka la dawa, karibu na nyumbani. Harub yeye alizaliwa hapo hapo Maskati. Aliuza vipuri vya magari huko Ghala, na wiki nzima alikuwa ndani ya harufu ya mafuta na mipira. Siku ya mapumziko alitaka hewa.

"Leo hakuna jua," alisema. "Twende tukapande jabali. Tupandie Riyam, tuteremkie Matrah."

"Haya, twende."

Harub akachukua simu yake. Tangu jana ulikuwa umeingia ujumbe wa hali ya hewa. Ulisema mvua za radi zitanyesha kwenye majabali, na watu wakae mbali na mawadi. Wadi ni bonde la mawe. Siku nyingi huwa kavu kabisa, lakini mvua ikinyesha, maji ya majabali hupita humo.

"Wanasema tusikaribie mawadi," Harub alisema.

"Kwani sisi tunakwenda wadi au tunakwenda jabali?"

"Jabali."

"Basi?"

Wakacheka. Ukweli ni kwamba kila mmoja alimtegemea mwenzake. Kheiria alifikiri, huyu ni mwenyeji, anaijua nchi yake. Harub alifikiri, huyu kakulia kwenye mvua, anazijua mvua. Hakuna aliyemuuliza mwenziwe.

Kwenye lifti walimkuta jirani yao, Bi Balqees. Alikuwa mhandisi wa maji, amestaafu. Karibu maisha yake yote ya kazi alipima maji ya mawadi.

"Mnakwenda wapi na mabegi?" aliuliza.

"Jabali, Bi Balqees," Harub alijibu. "Tunapandia Riyam, tunateremkia Matrah."

"Leo? Leo si siku ya njia hiyo, wanangu. Kule mwisho inapita ndani ya wadi."

"Manyunyu tu haya, Bi Balqees. Tutarudi mapema."

Bi Balqees hakucheka. Alimgeukia Kheiria. "Haya, iandike nambari yangu. Mkipatwa na jambo nipigie. Usione haya."

Kheiria akaiandika kwa heshima tu.

Riyam waliliacha gari, na njia ikaanza kwa ngazi za mawe. Walipanda polepole. Miamba iliyolowa ilikuwa imegeuka rangi, mingine myekundu, mingine myeusi kama chuma. Walipofika juu, wakaiona Matrah yote, nyumba nyeupe na bandari. Upande wa pili, mbali juu ya majabali, mawingu yalikuwa meusi. Umeme ulimulika.

"Kule kunanyesha kweli," alisema Kheiria.

"Kule mbali," Harub alijibu. "Sisi tuko huku."

Wakaanza kuteremka. Njia iliingia kwenye korongo jembamba, kuta za mwamba huku na huku. Chini kulikuwa na changarawe na vidimbwi vya maji meupe. Manyunyu yakakatika. Jua likatoka kidogo. Palikuwa pazuri mno, na wao walikuwa na njaa. Wakatandika mkeka wao juu ya jiwe pana, katikati ya wadi, wakatoa mahamri na chupa ya chai. Harub akavua viatu, akatia miguu kwenye dimbwi.

"Wallahi, hapa hata simu sitaki kuishika," alisema, akaitia simu yake ndani ya begi pamoja na funguo za gari.

Kheiria alikuwa akimimina chai. Akasita.

"Harub, maji haya si yalikuwa meupe?"

Harub akatazama. Dimbwi lilikuwa limegeuka rangi ya chai ya maziwa. "Miguu yangu imetibua."

"Na hivi vijiti umevileta wewe?"

Vijiti na majani makavu vilikuwa vinapita, kimoja kimoja. Changarawe iliyokuwa kavu pembeni ya jiwe sasa ilikuwa imefunikwa na maji. Kisha ukaja upepo wa baridi kutoka juu ya korongo. Ulinuka tope. Nyuma yake ikasikika sauti, kama lori linalomwaga kokoto.

Kheiria hakuijua sauti ile. Hakuwahi kuisikia Unguja. Lakini mwili wake ulisimama wenyewe.

"Inuka," alisema.

"Ngoja nivae viatu."

"Inuka, Harub!"

Alimshika mkono wakakimbilia ukutani, mahali ambapo mwamba ulikuwa na vipandio. Kheiria alipanda mbele. Alipogeuka, Harub alikuwa ameanza kurudi chini.

"Begi! Funguo za gari zimo!"

"Liache!"

"Nalichukua mara moja tu—"

Kheiria aliteremka hatua, akalishika shati lake kwa mikono miwili, akalivuta mpaka vifungo vikakatika. "Unataka nirudi nyumbani na funguo, bila ya wewe?"

Harub akapanda.

Walikuwa bado wanapanda, kwa mikono na magoti, maji yalipofika. Hayakuja kama mto unaojaa polepole. Yalikuja kama ukuta, mbele yake takataka na matawi, ndani yake mawe yanayogongana. Jiwe lao pana lilitoweka. Mkeka, chupa ya chai, begi, viatu, vyote vikaenda. Mwamba wenyewe ulitetemeka chini ya miguu yao.

Watu wa Maskati wana neno lao kwa jambo hili. Husema wadi imeshuka.

Walikaa juu ya ukingo wa mwamba, wameshikana. Sasa mvua ikaanza kuwanyeshea na wao, kubwa, ya baridi. Njia ya kwenda Matrah ilikuwa ng'ambo ya pili. Juu yao mwamba ulikuwa umesimama wima.

Baada ya muda maji yakapungua kidogo. Harub akasimama, miguu mitupu.

"Yashapungua. Pale yanafika magotini tu. Tushikane mikono tuvuke."

"Ngoja kwanza." Simu ya Kheiria ilikuwa mfukoni mwake, imelowa lakini nzima. Akaitafuta nambari ya Bi Balqees, akaweka sauti kubwa ili wote wawili wasikie.

"Bi Balqees? Mimi Kheiria. Wadi imeshuka. Tuko juu ya mwamba."

"Alhamdulillahi mko juu. Nyote wawili? Kuna aliyeumia?"

"Sote. Hakuna aliyeumia. Harub anasema maji yashapungua, tuvuke."

"Msivuke!" Sauti ilikuwa kali. "Harub, unanisikia? Yanafika wapi maji?"

"Magotini tu, Bi Balqees."

"Unayaona makali yake? Maji ya magotini yakienda mbio yanamwangusha mtu mzima. Na chini mawe yanatembea. Yakikugonga kifundo cha mguu, umeanguka, na ukianguka huinuki. Halafu hayo uliyoyaona ni ya kwanza. Kuna mawadi mengine yanateremkia humo humo. Maji yake bado yako njiani. Kaeni mlipo. Mnaweza kupanda juu zaidi?"

"Kidogo tu."

"Basi pandeni hicho kidogo. Kaeni pamoja mpate joto. Msikae chini ya mawe yaliyolegea. Mimi nawapigia waokoaji, 9999, sasa hivi, nawaambia mlipo. Wewe Kheiria usiitumie simu kwa jambo jingine. Wataitaka hao."

Harub alikaa tena. Alikuwa hana raha. Bado aliyaona yale maji ni machache, na ng'ambo ilikuwa karibu, karibu kabisa. Lakini hakuvuka.

Ngurumo ya pili ilikuja kabla hawajaacha kutetemeka. Safari hii maji yalipanda yakapafunika mahali alipokusudia kuvuka, yakapanda tena mpaka kikapita kigogo cha mtende kizima, kinazunguka kama kijiti. Harub alikitazama kikipita. Akafunika uso kwa mikono.

"Ningekuwa hapo," alisema.

"Hukuwa," Kheiria alimjibu. "Uko hapa."

Waokoaji walikuja kwa juu, kutoka upande wa Riyam, kabla ya magharibi. Waliteremsha kamba na mikanda. Mmoja akashuka akawafunga vizuri, mmoja baada ya mwengine. Walipofika juu, walipewa mablanketi na maji ya kunywa. Barabarani, Bi Balqees alikuwa amesimama kando ya gari lake, na viatu vya mumewe mkononi.

"Vaa hivi," alimwambia Harub. "Vikubwa, lakini utafika nyumbani."

Siku ya pili aliwaita kwake, wakanywe kahawa. Hakuwagombeza. Alileta sinia tupu ya bati, akaiegemeza kwenye kiti. Kando yake akaweka chungu cha maua. Akampa Kheiria jagi la maji.

"Mimina kwenye chungu."

Kheiria akamimina. Udongo ukayanywa maji.

"Hiyo ndiyo Unguja," Bi Balqees alisema. "Kuna udongo, kuna mizizi. Mvua ikinyesha, nyingi inaingia chini. Sasa mimina kwenye sinia."

Maji yaliteremka kwenye sinia kwa kasi, yakamwagikia miguuni mwa Harub. Akaruka.

"Hayo ndiyo majabali yetu. Jiwe tupu. Maji hayana pa kuingia, yanateremka yote, kwa mara moja. Na wewe umekaa chini ya sinia. Huku chini kwako hakujanyesha hata tone, lakini umelowa."

Harub aliitazama suruali yake. "Kwa hivyo mvua ya mbali ndiyo iliyotukuta."

"Ndiyo hiyo. Usitazame mbingu iliyo juu ya kichwa chako tu. Tazama majabali. Ukiona kule kumefunga mawingu, hata kama huku jua linawaka, usiingie wadi."

"Na mimi niliyaona yale mawingu," Kheiria alisema. "Nikasema kule kunanyesha kweli, kisha nikateremka."

"Lakini ulijua kutazama maji, mwanangu. Yalipobadilika rangi, ulisimama. Maji yakitibuka, yakileta vijiti, yakipanda ghafla, au ukisikia ngurumo, hapo hakuna kukusanya vyombo. Unapanda juu, pembeni, mbali na bonde. Usikimbie kulifuata bonde, maji yatakupita."

"Na jabali tuliache kabisa?" Harub aliuliza.

Bi Balqees akacheka kwa mara ya kwanza. "Nani kasema? Mimi mwenyewe napanda kila mwezi. Soma ujumbe wa hali ya hewa, na ukiambiwa kaa mbali, kaa mbali. Ijue njia yako inapita wapi. Mwambie mtu unakwenda wapi na unarudi lini. Na kila mmoja amuulize mwenzake, unajua au unadhani?"

Walikwenda tena jabali, siku nyingi, siku za hewa safi. Kheiria alizoea kuisoma ramani kabla ya kutoka nyumbani, na Harub alizoea kumpigia Bi Balqees akisharudi. Miguu yao ilipata nguvu. Waliijua njia ya kila kilima kilicho karibu.

Baada ya miezi kadhaa mvua zikarudi. Siku hiyo walikuwa kwenye gari la Talal, kaka yake Harub, wanakwenda kula chakula cha mchana kwa mama yao. Watoto wawili wa Talal walikuwa nyuma pamoja na Kheiria. Mbele yao barabara ilikatwa na wadi, na maji yalikuwa yanapita juu ya lami. Pembeni zilisimama nguzo za kupimia maji, nyeupe chini, nyekundu juu.

Talal akapunguza mwendo. "Hayajafika hata kwenye nyekundu. Gari hili refu, linavuka."

"Simama, Talal," alisema Harub.

"Mbona umekuwa mwoga?"

"Si woga. Nnayajua maji haya. Yakifika mlangoni, gari zito linaelea kama sufuria. Usingoje nyekundu. Yakiwa yanatembea tu, unasimama."

Gari moja nyuma yao likapiga honi. Talal akatia gea.

Kheiria akafungua mkanda wake. Akafungua na mikanda ya watoto. "Shemegi, mimi na wanao tunateremka hapa," alisema kwa upole kabisa. "Wewe ukitaka kuvuka, vuka. Sisi tutakuja maji yakishapita."

Talal alimtazama kwenye kioo. Akaligeuza gari, akalipandisha juu ya kilima walichoteremkia, akazima. Yule aliyepiga honi alipoona hivyo, naye akarudi nyuma, akashusha kioo na kuuliza kuna nini.

"Tungoje kidogo," Harub alimwambia.

Hawakungoja sana. Ngurumo ikaja, ile ile, na wadi ikashuka. Maji yalimeza nyeupe yote, yakaingia kwenye nyekundu, yakapita na mti mzima na mizizi yake. Talal alishika usukani wa gari lililozimwa, hakuuachia.

"Tungekuwa katikati," alisema.

Harub alimwekea mkono begani.

Magari yakaongezeka juu ya kilima. Watu wakateremka, wakazungumza, mmoja akagawa tende na kahawa. Jioni maji yalipokwisha na polisi walipofungua njia, wakavuka mmoja mmoja.

Mama yao alikuwa mlangoni, amefunga mikono kifuani.

"Mlikuwa wapi? Nimepiga simu mpaka nimechoka! Wali umeshapoa."

"Tulikuwa tunaingojea wadi ipite, mama," alisema Talal.

Mama aliwahesabu kwa macho, wakubwa na watoto. Kisha akafungua mlango wote.

"Mmefanya vyema. Ingieni, nnaupasha moto."