Mkoba wa Turubai la Kijivu

Jioni ile nilitumwa kununua sindano, kwa sababu zote zilizokuwa karakanani nilikuwa nimezivunja mimi.

Mvua ilikuwa imenyesha mchana kutwa. Njia za Isevya zilikuwa tope tupu, na ndala zangu zilinasa kila hatua, zikanirushia matope mgongoni. Nilitembea na hasira. Hasira na cherehani, hasira na turubai, hasira na mikono yangu mwenyewe.

Naitwa Eustadia, nyumbani ni Goweko. Shule niliiacha kidato cha pili mama alipougua, na sikurudi tena. Shangazi ndiye aliyenileta Tabora mjini kwa Bi Fakhria, mama wa Kiarabu anayeshona mabegi ya turubai na kanvasi. Anawashonea mafundi bomba, vijana wa bodaboda, hata warina asali wa Ipole. Vitambaa vile ni vigumu, cherehani ya kawaida haiviwezi. Kwa hiyo anayo moja kubwa, nyeusi, ya chuma kizito, ya kukanyaga kwa miguu. Sindano yake ni nene kama mwiba wa mgunga.

Kazi yangu ilikuwa kukata nyuzi na kugonga pete za chuma. Kiti cha cherehani kubwa kilikuwa wazi tangu fundi Zuwena alipoolewa akahamia Nzega. Nilikitaka kiti kile kuliko kitu chochote. Baba alikuwa amepiga simu: tumbaku imeiva, wachumaji hawatoshi, kama sijapewa kazi ya ufundi basi nirudi Jumamosi. Nilijua nikirudi safari hiyo, sitatoka tena.

Bi Fakhria alinipa nafasi.

"Nishonee begi moja la turubai, mwanzo mpaka mwisho, peke yako," alisema. "Likikaa sawa, kiti chako. Lisipokaa sawa, sitamdanganya baba yako."

Wiki nzima nilishindwa. Nikikaza uzi, turubai linajikunja. Nikilegeza, mshono unaruka. Nikikanyaga taratibu, sindano inakwama kwenye pindo. Nikikanyaga kwa nguvu, pwa! Imekatika. Na Hamoudi, mpwa wake Bi Fakhria, alikuwa amejilaza juu ya marobota ya kanvasi akinitazama kama mtu anayetazama mpira.

"Eusta, hilo begi au ramani?"

"Nyamaza, Hamoudi."

"Nauliza tu. Naona mshono umekata kona pale, nikasema labda unaenda sokoni mara moja halafu utarudi."

Niliporudi na sindano, nilimkuta Hamoudi anawasha pikipiki. Bi Fakhria alikuwa amevaa buibui, anakwenda kuhani msiba mtaa wa Ng'ambo.

"Turubai limekwisha," aliniambia. "Kimebaki kile kipande ulichoharibu mchana. Kifumue, ujaribu tena."

"Kimejaa matundu, mama. Turubai likishatobolewa halizibiki."

"Najua. Ulipokuwa unalitoboa ulikuwa hujui?"

Wakaondoka. Nikabaki peke yangu.

Umeme ulikuwa umekatika. Niliwasha taa ya sola, nikakaa chini, nikaanza kufumua. Kila uzi niliouvuta uliacha tundu. Nililitazama lile turubai nikaona kabisa halitakuwa begi, si usiku ule wala siku nyingine. Nikaipiga cherehani ngumi. Ikaniumiza mimi.

Kwanza ilikuja harufu.

Vumbi. Vumbi kavu la kiangazi, lile la mwezi wa nane linaloingia mpaka kooni. Lakini tulikuwa Februari, na maji yalikuwa yanadondoka kwenye bati... Pamoja na vumbi kulikuwa na harufu ya jasho, na moshi wa kuni.

Nikainua macho.

Mtu alikuwa amesimama mlangoni. Hakuwa amepiga hodi.

Alikuwa mwanamume mwembamba, amejifunga kitambaa kiunoni, kifua wazi. Bega lake la kulia lilikuwa limeshuka chini sana kuliko la kushoto, na juu yake palikuwa na nundu ngumu, nyeusi, kama goti. Kwapani alikuwa na kitu kilichoviringishwa. Nikaitazama miguu yake. Ilikuwa mitupu, nyeupe kwa vumbi mpaka magotini.

Nje palikuwa na tope la kuzama. Miguu yake ilikuwa mikavu.

"Shikamoo," nilisema.

Alitazama mikono yangu.

"Unashona?" alinong'ona. Sauti yake ilikuwa ya mtu ambaye hajanywa maji.

"Tumefunga, baba. Njoo kesho."

"Unashona?"

Akaja mpaka mezani, akaviringua alichokibeba. Lilikuwa turubai la kijivu, nene, la zamani, lakini zima. Halikuwa na tundu hata moja.

Ningepaswa kukimbia, najua. Kila niliyemsimulia ameniambia hivyo. Lakini wao hawakuwa na wiki kama yangu. Nilichokiona mimi mezani si jambo la kuogopesha. Nilikiona kiti changu.

"Unataka nini?" niliuliza.

"Mkoba. Wa mgongoni. Mkanda mpana."

"Wa kubebea nini?"

Alijigusa lile bega lililoshuka.

"Mzigo."

"Nitakushonea. Lakini usiuchukue leo. Mwenye karakana lazima auone kwanza."

"Auone," alinong'ona. "Mimi sitauchukua."

Nikadhani atamtuma mtu. Nikashika mkasi.

Sijui niseme vipi jinsi lile turubai lilivyokubali. Lilikatika pale nilipotaka likatike. Nililikunja pindo mara mbili, likatulia. Nikaliweka chini ya sindano, nikakanyaga, na ile cherehani iliyonitesa wiki nzima ikaenda. Tuku, tuku, tuku, tuku... Haikuruka. Haikukwama. Mshono ulitoka umenyooka kama reli ya kwenda Tura. Nilicheka peke yangu. Nilikuwa nimesahau kabisa kwamba kuna mtu nyuma yangu.

Tuku, tuku, tuku, tuku...

Nikapunguza kukanyaga ili nigeuze kona.

Sauti haikupungua.

Nikatoa mguu kwenye kanyagio. Cherehani ikasimama. Lakini nje, barabarani, mlio uleule uliendelea, wa chini, wa pamoja, kama miguu mitupu ya watu wengi wanaotembea juu ya ardhi kavu. Mtu alikohoa. Kisha mwingine, mbele kidogo. Nilichungulia dirishani. Hapakuwa na mtu. Palikuwa na mvua tu, na maji yakitiririka mtaroni.

"Malizia," alinong'ona yule mtu.

Nilimalizia. Nikashona mkanda, nikaurudia mara mbili kwenye maungio, nikakata uzi. Mkoba ulikuwa mzuri. Hata Zuwena hakuwahi kushona mzuri kama ule.

"Utajuaje kama umekaa sawa?" aliuliza.

Hilo si swali gumu. Kila anayeshona mabegi anajua. Huwezi kumpa mteja begi kabla hujalivaa mwenyewe, ukatembea mpaka mlangoni na kurudi, usikie kama mkanda unavuta. Nimemwona Zuwena akifanya hivyo kwa mabegi yote. Nimemwona Bi Fakhria pia.

"Tunavaa," nilisema.

"Vaa."

Nikavaa.

Ulikuwa mtupu. Niliushona kwa mikono yangu, najua ulikuwa mtupu.

Kitu kilinishukia begani, kizito, kigumu, chenye pembe, kama mtu amenitwika gunia la tumbaku iliyolowa na chini yake kuna mawe. Nikashika meza nisianguke. Nikamgeukia yule mtu nimwambie anisaidie.

Bega lake lilikuwa linapanda. Taratibu... taratibu... mpaka likalingana na la pili. Alikuwa anatazama viganja vyake kama hajawahi kuviona vitupu. Machozi yalikuwa yamechora mistari kwenye vumbi la uso wake.

"Wabeja," alinong'ona.

Ndivyo tunavyosema asante kwetu.

Akageuka, akaenda mpaka kizingitini, akakaa chini. Alishusha pumzi ndefu. Sijapata kusikia mtu akishusha pumzi namna ile. Niliuvua mkoba haraka, nikautundika kwenye msumari, nikatazama tena mlangoni.

Hapakuwa na mtu. Kizingitini palikuwa na vumbi jeupe, na mvua ilikuwa inaligeuza tope.

Mkoba ulikuwa msumarini.

Uzito ulikuwa bado begani kwangu.

Bi Fakhria na Hamoudi walirudi wamelowa. Nilikuwa nimesimama palepale. Bi Fakhria aliuona mkoba kabla hajavua viatu. Akapitisha kidole juu ya mshono, kona hadi kona.

"Huu wako?"

"Wangu, mama."

"Eusta, sema kweli," Hamoudi alidakia. "Zuwena kaachika? Yuko wapi, umemficha chooni?"

"Nyamaza wewe," Bi Fakhria alimwambia. Akanigeukia, na kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu, akatabasamu. "Kiti chako, binti. Kesho mpigie baba yako."

Nilikuwa nimeyasubiri maneno yale mwaka mzima. Nikayasikia kama yanatoka chumba cha pili. Nilikuwa nabonyeza bega.

Kisha nikaona anausogelea mkoba pale msumarini, akaunusa. Tabasamu likafutika.

"Turubai hili umelitoa wapi?"

Nikamweleza. Nilipofika kwenye miguu mikavu, Hamoudi aliacha kucheka. Nilipofika mwisho, Bi Fakhria aliuliza neno moja tu.

"Ukauvaa?"

Nilijishika bega. Hamoudi akanyoosha mkono kuutoa msumarini autazame.

"Usiguse!"

Sijawahi kumsikia Bi Fakhria akipiga kelele. Alijishika kwenye meza, akaanza kusema polepole, bila kunitazama.

"Babu zangu walikuwa na misafara. Meno ya tembo, nguo, shanga. Wapagazi wengine waliwakodi. Wengine hawakuwakodi." Akatazama mlangoni. "Bibi alikuwa akisema wapo waliokufa njiani na mzigo begani. Mpagazi hakai njiani, akikaa hanyanyuki. Sasa hao hata wakifa hawakai. Wanaendelea, mpaka apatikane mtu wa kujitwika mwenyewe, kwa hiari yake."

"Halafu mtu huyo?" niliuliza.

"Hakuniambia."

"Wanakwenda wapi, mama?"

"Sikuuliza, Eustadia. Kwetu mambo yale yalikuwa hayaulizwi." Akanipa kisu cha kufumulia. "Fumua."

"Mama, ndio mshono wangu wa kwanza ulionyooka..."

"Nimeuona. Kiti sikunyang'anyi. Fumua sasa hivi."

Nilifumua nikilia, na sikuwa nalia kwa woga. Nilikuwa nalia kwa hasira. Wiki nzima ya kukosea, halafu kile kimoja nilichopatia ndicho ninachokiharibu kwa mkono wangu! Lakini nilipovuta uzi wa kwanza nikaacha kulia.

Matundu ya sindano yalikuwa yanajifumba.

Moja baada ya jingine, yakajifumba, mpaka turubai likabaki zima kama lilivyoletwa. Hamoudi alilichoma uani kwa mafuta ya taa, chini ya bati ili mvua isizime moto. Liliungua likitoa harufu ya jasho. Bi Fakhria alisoma dua, mimi nikasali Salamu Maria mpaka sauti ikanikauka.

Uzito haukushuka.

Asubuhi nilikwenda kwenye kiti changu. Hamoudi alikuwa amekiwekea mto mpya wa kanvasi, bila utani wowote. Nikakaa. Nikaweka miguu kwenye kanyagio.

Mkanda ukavuta.

Sikuwa nimevaa mkanda. Lakini ulivuta begani, kwa upole, kama anavyokugusa mtu wa nyuma yako ukiacha pengo kwenye mstari. Nikanyanyuka. Uzito ukapungua kidogo, ukawa wa kubebeka. Nikakaa tena. Ukavuta kwa nguvu zaidi. Nikang'ang'ania, nikashika pembe za kiti kwa mikono yote miwili, nikasema kwa sauti, "Hiki ni changu. Nimekipata kwa kazi yangu. Niacheni nikae!"

Barabarani, miguu ilisimama. Yote kwa pamoja.

Ikasubiri.

Nikanyanyuka. Ikaendelea.

Tangu siku ile nashona wima. Mguu mmoja chini, mwingine kwenye kanyagio. Turubai jipya limefika, na mishono yangu sasa imenyooka, wateja wanaulizia begi la Eusta. Usiku naegemea ukuta mpaka macho yafumbe yenyewe. Bega langu la kulia linauma, na juzi nilipooga nililigusa nikasikia pameanza kuwa pagumu. Bi Fakhria huwa ananitazama, kisha anatazama pembeni. Hakuna aliyevaa begi karakanani tangu siku ile. Tunayatundika kwenye msumari, tunayajaza mchanga, tunayapima hivyo.

Jumamosi ile, kabla sijampigia, baba alipiga simu mwenyewe. Nilisikia kelele za watoto nyuma yake, na mtu akiita kwa Kinyamwezi kutoka bani la kukaushia tumbaku.

"Wamekupa kiti?"

"Wamenipa, baba."

"Haya, ashukuriwe Mungu. Basi huku usihangaike nako, tutachuma wenyewe. Wewe kikalie kiti chako vizuri, mwanangu. Umekikalia?"

"Nimekikalia, baba."

Nilimjibu nikiwa wima, simu imebanwa kwenye bega la kushoto. Na uso wangu, sijui tangu saa ngapi, ulikuwa umegeukia barabarani.