Saa ya Fundi Timazi

Kila asubuhi Fundi Timazi alikunywa chai bila sukari, akameza vidonge vyake viwili, kisha akakaa mlangoni kuutazama ukuta wa jirani. Ukuta ule ulikuwa umepinda. Ulimkera kuliko ugonjwa wake.

Jina la Timazi alipewa na mafundi wenzake. Alikuwa mpiga lipu kwa miaka thelathini, na ukuta aliouacha ulinyooka hata ukiupima kwa timazi, ile kamba ya fundi yenye uzito nchani, mara kumi. Lakini miezi minane nyuma mshipa mmoja wa moyo wake ulikuwa umeziba. Alilazwa siku kumi na moja. Alipotoka, daktari alimwambia atembee kila siku, asinyanyue mizigo, na akijishughulisha, mapigo ya moyo yasizidi mia moja na kumi kwa dakika. Kifua kikibana, aache kila kitu aende hospitali.

Fundi aliyakumbuka yote, lakini namba ndiyo iliyomkaa moyoni. Alikuwa mtu wa vipimo.

Mkewe, mshonaji, alishona chumbani huku akimsikia akihema na kusonya mlangoni. Aliwaambia wateja wake kwamba nyumba ilikuwa imepungua ukubwa tangu mume aanze kushinda ndani. Walicheka. Yeye hakucheka sana.

Walikuwa na binti mmoja. Walimwita Chiriku, kwa sababu utotoni hakunyamaza hata akiwa na chakula mdomoni. Sasa alikuwa muuzaji katika duka la simu. Siku moja alimletea baba yake saa ya mkononi inayohesabu mapigo ya moyo. Jioni hiyo walimwita jirani yao, muuguzi wa kliniki ya moyo, aje kuijaribu. Muuguzi alimkalisha Fundi, akamshika kifundo cha mkono kwa vidole viwili, akahesabu. Alipata sabini na mbili. Saa nayo ilisema sabini na mbili.

"Kipimo hakina upendeleo," Fundi alisema, akaivaa.

Muuguzi alisema kwamba hapo mgonjwa alikuwa amekaa tu. Lakini watu walikuwa wameshaanza kufurahi, na hakuna aliyemuuliza alikuwa na maana gani.

Kuanzia siku hiyo Fundi aliiuliza saa kila jambo. Wiki ya tatu alirudi kazini, kupiga lipu pamoja na mdogo wake, ambaye Chiriku alimwita Baba Mdogo. Mama alikataa. Alisema mgonjwa hapandi jukwaa la ujenzi. Fundi akanyoosha mkono, akamwonyesha: themanini na nne. Mama akarudi kwenye cherehani.

Siku ya tisa ya kazi hiyo, Chiriku alikuwa dukani akimhudumia mteja. Simu yake ikaita. Alikuwa baba yake.

"Chiriku, kifua kizito kidogo. Na taya linauma."

"Saa inasemaje, Baba?"

"Tisini na tatu."

"Basi huo ni uchovu tu. Kunywa maji, pumzika kidogo, halafu umalizie."

"Hata mimi nimeona hivyo," Fundi alisema, akakata simu.

Alipumzika muda wa kunywa kikombe kimoja cha maji. Kabla ya saa sita, Baba Mdogo akiwa chini anachanganya saruji na mchanga, alisikia mwiko ukianguka. Alipanda haraka. Alimkuta kaka yake amekaa, mgongo kwenye lipu mbichi, macho wazi. Gari lilipopatikana alikuwa ameshakata roho. Baba Mdogo alisimulia baadaye kwamba njiani, gari likirukaruka na mkono wa marehemu ukitikisika, saa ile ilikuwa bado inaonyesha namba.

Baada ya mazishi Chiriku alinyamaza. Watu walisema ni msiba, utapita. Hawakujua kilichomziba mdomo. Maneno yake mwenyewe, "halafu umalizie," yalikuwa yakimrudia kila alipofungua duka.

Saa ilichukuliwa na Baba Mdogo, iwe kumbukumbu ya kaka yake. Naye alikuwa na shinikizo la damu, na daktari alikuwa amempa kikomo kilekile. Mwezi wa pili baada ya mazishi Chiriku alimpelekea chakula kazini. Alimkuta juu ya jukwaa, shati limelowa, akisema neno moja, anavuta pumzi, ndipo analeta la pili. Alimwomba ashuke. Baba Mdogo akaitazama saa.

"Themanini na tisa," alisema. "Niko sawa."

Chiriku aliweka chakula chini, akaondoka. Jioni hiyo alibisha hodi kwa muuguzi, akamweleza yote, pamoja na ile simu. Hakuwa amemwambia mtu mwingine yeyote. Alipomaliza aliuliza swali moja.

"Mimi ndiye niliyemuua Baba?"

Muuguzi alimvutia kiti. "Kilichomuua ni ugonjwa," alisema. "Kama angefika hospitali mapema, labda angepona, labda asingepona. Sitakudanganya. Ila hukujua, na mimi niliyejua nilisema nusu, nikanyamaza. Kesho twende kwa Baba Mdogo."

Walimkuta nyumbani kwake. Muuguzi alimwomba apige lipu kwenye ukuta wa uani kwa dakika tano tu, polepole, na asimame mara moja akihisi chochote. Baba Mdogo alishika mwiko. Alikunja kifundo cha mkono, akarusha, akasawazisha. Muda ulipokwisha muuguzi alimsimamisha, akaweka vidole viwili kwenye kifundo cha mkono wake, chini ya kidole gumba, na kuhesabu kwa sekunde kumi na tano. Alipata thelathini na moja. Akazidisha kwa nne.

"Mia moja ishirini na nne," alisema. "Saa inasemaje?"

Saa ilisema tisini na mbili.

Baba Mdogo aligeuza mkono, akaitazama kama mtu aliyetukanwa na mtoto wake. "Kwa hiyo siku zote ilikuwa inanidanganya?"

"Haidanganyi. Inakisia," muuguzi alisema. Akaivua na kuwaonyesha taa ndogo za kijani mgongoni mwa saa. Taa hizo, alieleza, zinamulika ngozi, na saa inatazama damu inavyopita chini yake. Mtu akitulia, inaona vizuri. Ndiyo maana siku ile ilipatana na vidole vyake. Lakini mtu akikunja kifundo cha mkono, akikaza ngumi au akirusha mkono, saa inateleza na mwanga unayumba. Jasho na mkanda uliolegea huongeza kosa. Hapo saa huweza kupunguza, kuzidisha au kuchelewa. Wakati mwingine hushika mwendo wa mkono ikadhani ni mwendo wa moyo. Na kazi ya lipu yote ni ya mkono.

Chiriku aliuliza kama mkanda ukikazwa kosa litaisha. Muuguzi alisema litapungua. Kipimo kinachofungwa kifuani hukosea kidogo kuliko saa, na anayetaka anaweza kukitumia. Vidole viwili navyo vinafaa, mtu akisimama na kuhesabu mara moja, kabla moyo haujatulia.

"Sasa sikilizeni neno kubwa kuliko hayo," alisema. "Tuseme saa haikukosea. Tuseme mapigo ya marehemu yalikuwa tisini na tatu kwelikweli. Bado alipaswa kushuka. Mshipa unaweza kuziba na mapigo yakawa ya kawaida. Namba haijui maumivu. Kifua kikibana, taya au mkono ukiuma, jasho baridi likikutoka, au ukishindwa kumaliza sentensi, usiulize saa. Acha kazi, kaa, ita msaada."

Baba Mdogo aliinamisha kichwa. Ndipo akasema kwamba hata yeye kifua kilikuwa kikimbana anapofanya kazi, wiki tatu sasa. Alikuwa hajamwambia mtu, kwa kuwa kila akitazama saa alikuta namba nzuri.

Hawakungoja kesho. Walimpeleka hospitali saa ileile. Madaktari walikuta mshipa umekuwa mwembamba kama uzi. Waliupanua kabla haujaziba. Alilazwa siku nne, akatoka akitembea kwa miguu yake.

Siku Baba Mdogo aliporudi nyumbani, Chiriku alimkuta mama yake akishona. Akamweleza kuhusu simu ya baba. Alisema yote, hata lile neno la "umalizie." Cherehani ikasimama.

Mama aliweka nguo kando. "Alinipigia mimi kwanza," alisema. "Niliona jina lake. Nilikuwa nimemkasirikia kwa kwenda kazini. Sikupokea."

Chiriku alivuta kigoda akakaa karibu naye. Hakuna aliyemwambia mwenzake asijali. Walilia bila kelele mpaka mteja akaja kuulizia nguo yake, na Mama akafuta macho na kumwambia arudi kesho.

Baba Mdogo sasa hupiga lipu kuta za chini tu, nusu siku. Akipumzika huhesabu kwa vidole, na kifua kikimsumbua huacha kazi na kuita msaada kabla ya kuhesabu. Amewafundisha na mafundi wenzake. Dukani, mtu akitaka saa ya aina ile, Chiriku humuuzia. Lakini kwanza humshika kifundo cha mkono, humwonyesha mshipa ulipo, na humwomba ahesabu mwenyewe. Wengine huona anawachelewesha. Yeye hawaachi mpaka waupate.